Kusoma ukuta wa mwamba: mwongozo kamili wa kuitafuta na kuitazama michoro ya Kondoa

Mara ya kwanza nilipopanda Mungomi wa Kolo, kilima chenye michoro ya kale huko Kondoa, katikati ya Tanzania, nilisimama mbele ya ukuta wa mwamba kwa dakika kadhaa bila kuona kitu. Mbele yangu palikuwa na jiwe la rangi ya kahawia, michirizi iliyoachwa na mvua za miaka mingi, na mabaka mekundu ambayo ningeapa kuwa ni kutu ya jiwe lenyewe. Mzee aliyenitembeza hakunisemesha. Aliokota unyasi mmoja mkavu, akaunyoosha hewani akiuweka mbali na jiwe kwa urefu wa mkono mzima, akafuatisha taratibu mstari ambao sikuwa nimeuona: shingo, bega, mgongo mrefu, mguu. Alipoushusha, pofu, yule swala mkubwa wa porini, alikuwa amesimama ukutani, na tangu hapo sikuweza tena kutomwona.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya msomaji anayetaka kufika huko na kuona kweli, kwa sababu nimewashuhudia wageni wengi wakipanda kilima kwa jasho, wakapiga picha mbili, wakashuka wakisema michoro imefutika. Ipo mingi iliyofifia, hilo ni kweli, lakini sehemu kubwa ya kile wanachokikosa bado ipo pale pale. Kilichokosekana ni muda, mwanga unaofaa na namna ya kutazama.

Fahamu unachokwenda kukitafuta

Michoro ya Miambani Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, likitanda kwenye miteremko ya mashariki ya ukingo wa Bonde la Ufa, na inakadiriwa kuwa ndani yake kuna mapango yenye michoro kati ya 150 na 450. Upana wa makadirio hayo peke yake unakueleza jambo la maana: hapa si mahali pamoja penye lango na uzio, bali ni wilaya nzima ya vilima, mashamba, mabonde ya mchanga na vijiji, ambamo kazi za sanaa zimetawanyika kwenye majabali ambayo mengine hayajaandikwa popote. Neno «pango» nalo lisikupotoshe. Mengi si mashimo yanayoingia ardhini, bali ni majabali yaliyoinama mbele na kufanya kivuli kama upenu wa nyumba, na michoro iko juu ya uso uliosimama wima chini ya upenu huo. Ndiyo maana unaitazama ukiwa nje, kwenye upepo na mwanga wa jua, huku mashamba yakionekana mbali chini yako.

Wataalamu huigawa michoro hii katika makundi mawili makubwa, na tofauti hiyo ni muhimu uijue kabla hujaondoka nyumbani. Kundi la kwanza ni michoro myekundu, iliyochorwa kwa ngeu, yaani ule udongo mwekundu wenye chuma ndani yake, uliosagwa na kuchanganywa na kitu cha kuushikisha kwenye jiwe, huenda mafuta ya mnyama. Hii ndiyo michoro ya wawindaji na waokota matunda, na wengi wanaihusisha na mababu wa Wasandawe, ambao mpaka leo wanaishi upande wa magharibi katika wilaya ya Chemba na kuzungumza lugha yenye sauti za midoko. Mistari yake ni myembamba na ya uhakika. Watu wamerefushwa miili mpaka wanafanana na miti, vichwa vyao vina nywele au mapambo makubwa ya duara, na wanyama, hasa pofu, twiga na tembo, wamechorwa na mtu aliyewajua kwa kuwafuatilia porini. Kundi la pili ni michoro myeupe, mikubwa zaidi na ya mistari minene, ambayo mara nyingi imepita juu ya ile myekundu. Hiyo huhusishwa na wakulima wasemao lugha za Kibantu, waliofika baadaye. Kuna wageni wanaoidharau kwa kuona haina umaridadi wa ile ya kwanza. Mimi naona wanakosea, na nitarudi kwenye jambo hilo mbele.

Kuhusu umri, UNESCO huandika kwamba miamba hii imetumika kuchorewa kwa angalau miaka elfu mbili. Wapo wanaotaja miaka mingi zaidi, na hoja yao ina msingi, kwa sababu kwenye pango la Kisese II, lililochimbwa na mwanaakiolojia Ray Inskeep mwaka 1956, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza shanga za maganda ya mayai ya mbuni zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Lakini shanga zilizo ardhini si rangi iliyo ukutani. Mtu akikutajia umri wa mchoro fulani kwa uhakika mkubwa, msikilize kwa heshima, kisha uendelee na safari yako.

Hatua ya kwanza: chagua majira na utenge siku

Kondoa ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza yapata Desemba na kumalizika Aprili. Wakati huo vilima ni vya kijani na vinapendeza sana, lakini mito ya mchanga inayokatiza njia za vijijini hujaa ghafla, na nyasi hupanda mpaka kiunoni kwenye vijia vya kwenda mapangoni. Wakati mzuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba, ardhi ikiwa kavu na asubuhi ikiwa na ubaridi. Kwa mtu anayependa kutazama kwa makini ningependekeza Juni au Julai, kabla vumbi halijawa jingi na joto la mchana halijawa kali.

Tenga siku mbili kamili zisizo na safari ndani yake. Siku moja inatosha kufika Mungomi na kurudi, lakini siku ya pili ndiyo inayokupa thamani ya safari, kwa kuwa macho yaliyozoea siku ya kwanza huona mara mbili zaidi siku inayofuata. Nimelijaribu hilo zaidi ya mara moja na halijanipotosha.

Hatua ya pili: fika Kolo

Kijiji cha kuanzia ni Kolo, kilichopo kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Arusha, takribani kilomita 25 kaskazini ya Kondoa mjini na kilomita 180 kutoka Dodoma. Kwa anayetoka Arusha, hupita Babati, na kutoka hapo hadi Kolo ni kati ya kilomita 70 na 80. Barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, ilifunguliwa rasmi ikiwa na lami mwaka 2018. Kabla ya hapo safari hii ilikuwa ya kutwa nzima kwenye vumbi au matope, na hiyo ni sababu mojawapo ya eneo lenye utajiri kiasi hiki kubaki halijulikani hata kwa Watanzania wenyewe. Sasa mabasi ya kati ya Dodoma na Arusha hupita mlangoni, na ukimweleza kondakta mapema atakushusha Kolo.

Malazi ni rahisi kupatikana Kondoa mjini au Babati, ambako kuna nyumba za kulala wageni za bei ya kawaida. Mwenye hema aulize ofisini Kolo kabla ya kulifungua popote.

Kutoka Kolo kwenda mapangoni njia ni za udongo na mchanga. Gari dogo litakwama. Gari la magurudumu manne yanayovuta yote ndilo linalofaa, au pikipiki ya bodaboda inayoendeshwa na kijana wa hapo hapo anayejua ni sehemu gani ya mto mkavu ina mchanga mgumu. Ukichukua bodaboda, mkubaliane nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjaondoka, kwa sababu utakaa juu kilimani muda mrefu kuliko abiria wa kawaida anavyokaa popote.

Ukiwa njiani tazama ardhi yenyewe. Vilima hivi vya Irangi viliwahi kuchimbika kwa mmomonyoko mpaka vikawa makorongo mekundu matupu, hata serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi ili majani na miti vipate kurudi. Makovu ya makorongo yale bado yanaonekana kati ya miti. Ninalitaja jambo hili kwa sababu udongo mwekundu unaouona kwenye kingo hizo utakufundisha kitu ukifika ukutani: rangi ya wachoraji ilitoka katika nchi hii hii waliyoikanyaga.

Hatua ya tatu: pitia ofisini

Usiende moja kwa moja mapangoni, hata kama simu yako inakuonyesha njia. Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale pamoja na makumbusho madogo, na hapo ndipo unapojiandikisha, unapolipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Maeneo haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hivyo kwenda bila kibali si ujanja, ni kosa. Viwango vya kiingilio hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni, na huweza kubadilika, kwa hiyo ulizia siku hiyo hiyo. Uwe na kitambulisho, na uwe na salio kwenye simu, kwa sababu malipo ya serikali siku hizi hufanywa kwa namba ya malipo. Fedha taslimu baki nayo kwa ajili ya bodaboda, chakula na ahsante ya mwongozaji.

Katika makumbusho tumia nusu saa. Nakala za michoro zilizopo humo ni kama alfabeti, maana zinakuonyesha umbo likiwa safi kabla hujakutana nalo likiwa limefifia. Kazi ya kunakili kwa mapana ilifanywa mwaka 1951, wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walipokaa hapa kwa miezi mitatu. Walihesabu maeneo 186, na katika 43 kati ya hayo walinakili takribani maumbo 1,600 kwa karatasi za kupitisha mwanga. Mary Leakey alizichapisha nakala hizo kitabuni mwaka 1983. Baadaye mwanaakiolojia wa Kitanzania Fidelis Masao alitafiti michoro na zana za mawe za ukanda huu wote wa kati, na ni vyema Mtanzania anayekwenda Kondoa alijue jina hilo sawasawa na anavyoyajua majina ya Leakey.

Kuhusu mwongozaji, usimwone kama mlinzi wa kukufuata tu. Msalimie ipasavyo, Warangi, wenyeji wa hapa, wengi ni Waislamu, na salamu ya «Assalaam aleikum» au «shikamoo» kwa aliyekuzidi umri hufungua mlango ambao fedha haiufungui. Kisha mwambie wazi kwamba huna haraka. Waongozaji wamezoea wageni wenye saa moja, kwa hiyo wamejizoeza kufupisha. Ukimwambia una siku mbili na unapenda kukaa chini na kutazama, mazungumzo hubadilika kabisa.

Hatua ya nne: panga utaanza na lipi

Wengi huanza na Mungomi wa Kolo, umbali wa karibu kilomita 9 au 10 kutoka kijijini, ambako mapango matatu yaliyo karibu karibu hujulikana kwa watafiti kama Kolo B1, B2 na B3. Mwisho wa njia ya gari kuna mpando mkali wa miguu kwenye mawe. Nenda asubuhi mapema, kila mtu na lita zake tatu za maji, kofia, suruali ndefu kwa ajili ya miiba na viatu vyenye soli ngumu.

Kama una siku ya pili, ushauri wangu ni uchague kati ya Pahi na Fenga, usijaribu yote. Pahi panafikika kwa urahisi zaidi, na hapo utaona vizuri jinsi michoro myeupe ilivyokutana na myekundu kwenye ukuta mmoja. Fenga, iliyopo kaskazini ya Kolo, inahitaji mguu zaidi, lakini ina tukio ambalo sijaliona kwingine: tembo aliyezungukwa na mistari kama aliyenaswa kwenye boma la mtego, na watu wenye vichwa vikubwa vya nywele wakiwa karibu naye. Thawi, Kisese, Cheke na Masange ni za safari nyingine. Mtu aliyeona mapango mawili kwa utulivu amefaidika kuliko aliyekimbilia sita.

Hatua ya tano: fundisha macho

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapopakimbia.

Ukifika chini ya jabali, usisogee ukutani. Kaa chini umbali wa hatua sita au saba, unywe maji, uache jasho likauke na macho yatoke kwenye ukali wa jua. Macho yaliyotoka kwenye mwanga mkali hayaoni tofauti ndogo za rangi, na kinachotofautisha mchoro wa ngeu na jiwe la kahawia ni tofauti ndogo sana. Dakika kumi za kukaa kimya zitakuonyesha mengi kuliko nusu saa ya kuhangaika huku na huko.

Kisha anza kwa kutafuta uso, si mchoro. Jiulize: kama mimi ningekuwa nachora hapa, ningechagua sehemu gani? Ni ile iliyo laini, iliyo wima, isiyopitiwa na maji, na ambayo mkono wa mtu aliyesimama au aliyepanda juu ya jiwe unaifikia. Ukishaipata, ipitie kwa mistari kama mtu anayesoma ukurasa, kutoka kushoto kwenda kulia, ukishuka kidogo kila mara. Tofautisha vitu vitatu. Madoa ya chuma ya jiwe lenyewe hayana mpaka. Yanafifia pole pole pande zote. Michirizi ya maji hushuka wima na hufuata ufa. Mchoro una kingo, na kingo zake hupinda mahali ambapo maji wala ufa havina sababu ya kupinda. Ukiona mpindo wa namna hiyo, simama hapo. Fuata mstari pande zote mbili mpaka uishie, na usiamue haraka ni mnyama gani. Tafuta kwanza mgongo, kisha miguu, mwisho kichwa. Pofu anajulikana kwa nundu ya begani na ngozi inayoning'inia shingoni, twiga kwa mteremko wa mgongo, tembo kwa uzito wa mwili hata mkonga ukiwa umefutika.

Kwa yale yaliyo juu tumia darubini ndogo ya mkononi. Watu wengi huiona ni kitu cha kwenda nacho mbugani tu, lakini hapa ina kazi kubwa, kwa kuwa hupaswi kupanda kwenye ukuta, na baadhi ya mistari myembamba ya nywele na vidole haionekani kwa macho matupu ukiwa chini.

Sasa tazama kupishana. Mahali rangi mbili zinapokutana, chagua mstari mmoja na uulize ni upi umekatwa na upi umepita juu. Hii ndiyo njia ya uhakika ya kujua kilichotangulia, na haihitaji maabara. Katika sehemu nyingi utakuta nyeupe iko juu ya nyekundu, na hapa ndipo ninaporudia nilichosema kuhusu michoro myeupe. Aliyechora juu ya picha ya zamani hakukosa nafasi. Majabali yamejaa nyuso tupu. Aliamua kuweka alama yake pale pale palipokuwa na nguvu. Kwa hiyo ukuta mmoja ni mazungumzo ya watu ambao hawakuwahi kuonana, na ukiiruka nyeupe kwa sababu haipendezi umeikata sentensi katikati.

Mfano mzuri wa kutazama bila kukimbilia maana uko Kolo B1. Kuna kundi la watu watano waliorefushwa, waliosimama kwa safu. Yule wa katikati anaonekana kuwa mwanamke, na ameshikwa mikono pande zote mbili; wa upande mmoja wana vichwa ambavyo vinaweza kuwa vinyago, wa upande wa pili hawana. Mary Leakey aliona hapo tukio la kutekwa, mwanamke akivutwa na wageni huku watu wake wakimng'ang'ania. Watafiti waliokuja baadaye, wakilinganisha na ngoma ya Wasandawe iitwayo simbo, ambamo wachezaji huingia katika hali ya kupagawa na kushikiliwa na wenzao wasianguke, wameona hapo watu wanaomtegemeza mwenzao. Mistari ni ile ile. Kabla mwongozaji hajakueleza lolote, tazama mwenyewe mikono inavyoshika na miguu inavyoelemea, uandike unachoona, ndipo uulize. Wasandawe si watu wa hadithi za kale. Mwanaanthropolojia Eric ten Raa, aliyeishi kwao, aliandika mwaka 1971 kwamba uchoraji wa mwambani ulikuwa bado sehemu ya maisha yao kwa siku za karibuni. Hoja ya ngoma kwa hiyo ina miguu ya kusimamia, ingawa mimi kila nikirudi pale hukaa kwanza na ile mikono.

Hatua ya sita: piga picha bila kuumiza

Zima taa ya kamera. Usiguse, usiegemee, usifute vumbi kwa kitambaa, na kamwe usimwagie maji. Zamani baadhi ya wageni na hata watafiti waliilowanisha michoro ili rangi ing'ae kwa dakika chache. Maji yale huyeyusha chumvi za jiwe na kuzileta juu, zikikauka hufanya ukungu mweupe unaoifunika picha.

Picha nzuri hupatikana ukuta wote ukiwa kivulini. Kama jua limepiga vipande vipande kupitia majani, watu wawili washike kanga iliyofunguliwa ili kivuli chake kitande juu ya eneo lote unalolipiga. Kanga ya rangi nyepesi isiyo nyekundu ni bora, maana rangi yake huakisiwa ukutani. Piga kwanza picha ya jabali zima ili ujue mchoro uko wapi, halafu ya sehemu, halafu ya karibu, na katika picha moja uweke rula chini ardhini au mwenzako aishike hewani bila kuligusa jiwe, kwa ajili ya kipimo.

Ukirudi nyumbani, zipitishe picha zako kwenye programu ya DStretch, iliyotengenezwa na Jon Harman mahususi kwa michoro ya miambani, ambayo ina toleo la simu pia. Hutanua tofauti ndogo za rangi mpaka wekundu uliofifia unajitokeza wazi. Mara ya kwanza nilipoitumia kwa picha ya ukuta niliodhani nimeumaliza, walitokea watu wanne nyuma ya twiga. Usiitumie ukiwa pale kabla hujatazama kwa macho yako, kwa sababu skrini itakuonyesha na wewe utaacha kutafuta.

Adabu ya mahali palipo hai

Mungomi wa Kolo si makumbusho ya watu waliokufa. Wenyeji bado hupanda huko kwa matambiko, hasa ya kuomba mvua, na baadhi ya mapango yana watu wanaoyatunza kwa kurithi. Ukikuta majivu, mifupa ya mbuzi, chungu au dalili za pombe ya kienyeji iliyonyunyizwa, usiguse wala usihamishe kitu ili picha yako ipendeze. Ukikuta watu wako katikati ya tambiko, geuka urudi, hata kama umesafiri kutoka mbali, na umwachie mwongozaji aulize kama mnaweza kurudi baadaye. Vaa nguo za kustahi. Usiulize siri za tambiko kwa mtu usiyemjua. Anayetaka kukueleza atakueleza.

Wako wahifadhi wanaolalamika kwamba pombe na moshi wa matambiko vinaharibu rangi, na kama jambo la kikemia wana haki. Hata hivyo, naona kwamba bila heshima ya wenyeji kwa mahali hapa kuta hizi zingeharibiwa mapema zaidi, kwa hiyo mazungumzo ya kuzilinda lazima yaanze na wao.

Adui mkubwa ni mwingine. Ukiona shimo jipya lililochimbwa kwenye sakafu ya pango, huenda ni kazi ya watafutaji wa «mali ya Mjerumani», wanaoamini kwamba wakoloni walificha dhahabu humu na kwamba michoro ni ramani yake. Hakuna aliyepata dhahabu, lakini mashimo hayo yamevuruga tabaka za udongo zenye historia ambayo haitapatikana tena. Mengine ni ya kimaumbile: nyigu hujenga viota vya udongo juu ya picha, mkojo wa pimbi huacha michirizi, nyuki hukaa kwenye nyufa, na hao wa mwisho ni hatari kwako pia, basi usipige kelele wala kujipaka manukato makali.

Kwa sababu hiyo nina ombi moja kwa kila atakayepita huku. Picha unaweza kuzionyesha kwa watu, lakini usitangaze mahali halisi pa pango lisilo na ulinzi, na kabla ya kuituma picha ondoa taarifa za mahali ambazo simu huziweka ndani yake. Ukikuta pango ambalo mwongozaji hana habari nalo, andika lilipo, piga picha za jabali zima na za karibu, kisha ziwasilishe ofisini Kolo. Fanya vivyo hivyo ukikuta jina lililochorwa kwa mkaa, shimo jipya au kipande kilichobanduka, na utaje tarehe.

Daftari la jioni

Jioni ya siku ya kwanza, ukiwa umekwisha kula, fungua daftari na uchore kwa kumbukumbu umbo moja tu ulilolitazama kwa muda mrefu kuliko mengine. Si lazima ujue kuchora. Andika pembeni lilikuwa linaelekea upande gani, lilikuwa na vidole au halina, lilipita juu ya nini na nini kilipita juu yake. Utakuta kuna mahali mkono unasita: hukumbuki mguu wa nyuma uliishia wapi, au kama kile kichwani kilikuwa nywele au kofia ya manyoya. Weka alama ya kuuliza hapo. Kesho yake, kabla ya kwenda Pahi au Fenga, mwombe mwongozaji mpande tena Mungomi mapema, ukae chini mbele ya umbo lile lile, na uanze na zile alama za kuuliza.